E ya Rasti na kinanda chenu

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, Maalim anakusalimu, na shemeji yako bado anadai mikeka yake. Rekodi ya kikundi chenu uliyonitumia nimeisikiliza: mkipiga Rasti, moja ya maqamu (mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu), kinanda kinagombana na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kama mpiga kanuni wenu amenuna, ana haki. Lakini msiuze kinanda, hakina ubovu wowote.

Zinazogombana ni noti mbili tu. Kinanda kimeigawa oktava (toka C hadi C inayofuata) nafasi 12 zilizo sawa, senti 100 kila moja (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti), kwa hiyo E yake imekaa senti 400 juu ya C. Rasti inataka E ya 350 hivi, na B ya 1050 badala ya 1100. Pale katikati ya kinanda, E yake inatetema mara 329.6 kwa sekunde, ya kanuni mara 320.2. Zikipigwa pamoja, hiyo tofauti ya tisa na ushei ndiyo mtikisiko unaowakera. Kukaza nyuzi za kanuni zifuate kinanda ni kuiua Rasti yenyewe, basi acheni.

Fanya hivi. Ingia kwenye menyu ya kupanga sauti za skeli, si ile ya kupandisha au kushusha kinanda kizima. Chagua E, weka -50. Chagua B, weka -50. Nyingine ziache sifuri, kisha hifadhi, maana vinanda vingi vikizimwa vinasahau kila kitu. Ukianzia C una Rasti: 0, 200, 350, 500, 700, 900, 1050. Ukianzia D una Bayati: D, E iliyoshuka, F, G, A, B flati, C. B flati (nafasi moja chini ya B) ni ufunguo mweusi, hatukuugusa. Kwenye hiyo hiyo Bayati weka F shapu (nafasi moja juu ya F) mahali pa G, umeingia Saba. Hijazi ya D haina habari na E wala B nyeupe (D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C), kwa hiyo wimbo ukihamia huko huna haja ya kurudi kwenye menyu. Maqamu manne kwa funguo mbili, unataka nini tena?

Kikwazo ni muimbaji. Bi Mkubwa akitaka Rasti ya kuanzia F, zinazoshuka ni A na E, na B flati inatumika ilivyo. Akitaka G, ni B na F shapu. Ndiyo maana mnamuuliza kwanza sauti yake inakaa wapi, ndipo mnashusha. Na ile swichi ya kuhamisha ufunguo msiiamini kabla ya kuijaribu: kwenye vinanda vingine -50 inakaa na ufunguo unaobonyeza, vingine inakaa na sauti inayotoka. Hamisha juu nafasi mbili, piga Rasti kwa vidole vya C. Ikibaki Rasti, salama. Ikiharibika, panga upya kwa mkono.

Uliuliza kwa nini 350 na si namba nyingine. Zalzal, mpiga udi wa Baghdad karne ya 8, anahusishwa na mahali pa kidole kwenye uzi penye uwiano wa 27 kwa 22, yaani senti 354.5. Toka hapo hadi kwenye tano kamili (noti ya tano, G), 3 kwa 2, kinabaki 11 kwa 9, senti 347.4. Vipande viwili vinavyokaribiana, tofauti yao senti 7. Ukiifuta hiyo tofauti ukavifanya sawa, na tano ikawa ya kinanda, 700, unapata 350 mara mbili. Sasa endelea kurundika 350 na kukata oktava: 0, 350, 700, 1050, 200, 550, 900. Zipange, una noti saba zenye hatua za aina mbili tu, 200 na 150. Kwa robo (senti 50 kila moja) ni 4 3 4 3 4 3 3. Rasti ni 4 3 3 4 4 3 3. Umeona? F ya 550 imerudi 500, na hiyo 500 unaipata kwa kurudi nyuma hatua mbili kutoka C. Ukifika noti kumi, hatua ni 150 saba na 50 tatu. Kumi na saba: 100 saba na 50 kumi. Hatua ya 24 ya 350 inarudi C, mnyororo umefunga. Kuna wanaopenda kuigawa oktava nafasi 31, E inakuwa 348.4, tamu, lakini tano inashuka hadi 696.8 na udi wenu hautakubali.

Usiishike 350 kama msahafu lakini. Mkutano wa muziki wa Kiarabu wa Cairo wa 1932 uliujadili mgawanyo wa oktava kwa nafasi 24 zilizo sawa na hawakuafikiana. Wengi huiweka E ya Rasti juu kidogo kuliko E ya Bayati, na Waturuki juu zaidi. Kwa hiyo kinanda kiiguse E na kuiacha. Ya kuvuta iachieni fidla. Mkono wa kushoto upige C na G tu. Na mdundo wa kujiendesha uzimwe! Kwenye vinanda vingine haufuati skeli uliyopanga.

Kupima udi kwa programu ya simu kutawasumbua: ukifika -50 jina linaruka E, E flati, E, E flati. Shusha kipimo cha A kutoka 440 hadi 427.5, halafu tafuta E kwenye sifuri. Programu ikigoma kushuka chini ya 430, iache hapo 430, ulenge E kwenye -10.

Yule kijana wa kompyuta mwambie faili lake la .scl (la kupangia skeli kwenye kompyuta) linaharibika kwa sababu ya nukta. Aandike 350.0, akiandika 350 inasomwa kuwa ni uwiano, noti inaruka zaidi ya oktava nane. Mstari wa kwanza maelezo, wa pili 12, kisha 100.0, 200.0, 300.0, 350.0, 500.0, 600.0, 700.0, 800.0, 900.0, 1000.0, 1050.0, 1200.0. Sifuri ya mwanzo haiandikwi.

Haya, nijibu basi. Kinanda ni cha aina gani, na kinahifadhi skeli ngapi? Bi Mkubwa anaimbia C au anawaficha? Ile kodiani mmeshaitoa au bado inabishana na kanuni? Na harusi ya Kikwajuni ni kabla ya mfungo au baada?

Nduguyo

N.B. Mpiga fidla asiangalie simu. Aifuate kanuni.