Ami, kabla hujamwaga slebu ya nne

Shikamoo ami. Najua simu zangu hushiki tangu tuongelee hiyo nyumba ya Majengo, so naandika hapa hapa, jina lako silitaji, wenyewe mtajuana.

Kila nikikuuliza habari ya injinia unanirudisha kwa ule mtetemeko wa 12 Agosti 2020, ati nyumba ilitikisika na haikupata hata ufa. Ni kweli, ilikuwa usiku baada ya isha, vikombe vikagongana kabatini na watu wakatoka mbio na kanga. Lakini ami, ule mtetemeko ulikuwa baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwako, ukubwa wake karibu 6. Ulipofika Mombasa ushachoka! Hapo nyumba haijafanya mtihani, imesikia tu kengele.

Sasa angalia Bukoba, Septemba 2016. Ukubwa 5.9, yaani karibu ule ule, ila huo ulitokea karibu na mji, na watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba kibao zikaanguka. Na usiniambie Kenya hakuna, Subukia 1928 ulipiga 6.9, bonde la ufa liko hapa hapa kwetu na bado linapanuka, polepole lakini linapanuka.

Kinachonikosesha usingizi ni nguzo za chini. Zilijengwa za nyumba ya ghorofa moja, wewe ukaongeza ya pili, ya tatu, sasa fundi anakuambia zitabeba tu, na huyo fundi analipwa kwa slebu ami, atakwambia nini kingine? Halafu ule mchanga wa bei rahisi, kama ni wa bahari una chumvi, chumvi inakula vyuma ndani kwa ndani, vinashika kutu vinavimba mpaka simiti inabanduka. Pale nyuma karibu na tangi la maji ishaanza kubanduka, mpangaji wako mmoja alinionyesha (usimuulize nani, na kodi usimpandishie).

Sikwambii usijenge. Simamisha kazi kwanza, tafuta injinia aliyesajiliwa, siyo shemeji ya fundi, aje apime nguzo na msingi akuandikie. Pesa yake tugawane nusu kwa nusu. Akisema zinabeba, mimi mwenyewe ntakuja siku ya slebu kuleta biriani ya mafundi.