Alifuta daftari la kikoba cha mama kwenye sivii yangu

Shikamoo Shangazi. Ni saa tisa usiku, sijapata usingizi, na usaili wa kazi ni Alhamisi.

Kaka, mtoto wa mama mkubwa, amenisaidia sana, usije ukaona sina shukrani. Kompyuta ni yake, bando lake, hata hela ya wakili wa kunigongea vyeti muhuri alitoa yeye. Ila alipoifungua sivii yangu alifuta pale nilipoandika kwamba nimeshika daftari la kikoba cha mama miaka mitatu. Akasema mbele ya shemeji, "Mambo ya kina mama wa sokoni hayaandikwi humu."

Miaka mitatu, Shangazi. Wanachama 28. Hisa, mikopo, marejesho, faini za wachelewaji, mfuko wa jamii. Kila Jumamosi hela inahesabiwa mbele ya watu, na siku ya kuvunja kikoba, kila mtu apewe chake, hesabu haijawahi kugoma hata mara moja. Uhasibu niliujulia pale, chuoni nikaenda kuongezewa.

Mahali pake akaweka kwamba nilikuwa mhasibu msaidizi miaka miwili, kwenye ofisi ile niliyofanya fildi ya chuo. Fildi yenyewe wiki nane, na nyingi zilipita nikipanga mafaili na kutoa kopi. Sikumzuia. Ningemzuiaje nami nalala sebuleni kwake? Na wenzangu wengi wanafanya hivyo hivyo. Tangazo linataka uzoefu, uzoefu utautoa wapi hujaajiriwa? Nimemaliza 2023, nimetuma maombi mpaka nimechoka kuhesabu, na hii ndiyo mara ya kwanza naitwa.

Jana nimelisoma tena tangazo mpaka chini, pale wanaposema atakayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria. Kati ya wadhamini wangu watatu, mmoja ni yule mama aliyenisimamia fildi. Wakimpigia atasema wiki nane. Yule hadanganyi.

Lakini si hilo linalonitoa machozi. Ni mama. Ameshawatangazia wenzake kikobani kwamba nimeitwa kwa sababu ya daftari lao, na wamenichangia nauli. Siku ile kaka anafuta nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimenyamaza. Mama hajui kwamba daftari halimo.

Kazi naitaka, Shangazi. Deni la Bodi ya Mikopo liko palepale na mdogo wangu anaingia kidato cha tano. Mara nasema niende tu, wakiuliza nitajua la kujibu. Mara naona bora nisiende kabisa. Vyeti halisi viko kwenye bahasha, na nimeandika sivii nyingine kwa mkono, ya kweli. Je, nikiwapa hiyo niwaambie ile ya kwanza ina makosa, watanielewa au nitakuwa nimejishtaki mwenyewe? Na kaka nimwambie kabla?

Tafadhali nijibu kabla ya Alhamisi. Na lile daftari, Shangazi, ni kweli haliandikwi?