Barua kwa mwanangu: Mikono ya Dukadamu

Mwanangu, baba yangu,

Juzi kwenye simu ulinyamaza muda mrefu, kisha ukaniambia glovu zako niwape watoto wa jirani. Sikukujibu. Nilihofia nikifungua mdomo nitalia, na wewe uko bwenini, wenzako wanakusikiliza. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Unakumbuka babu yako, Mungu amrehemu, alivyokuwa akikuita Dukadamu? Kila ukidaka mpira pale uani, hata ule aliousukuma dada yako taratibu, anapiga makofi: "Dukadamu huyo!" Sote tulidhani ni neno lake la kuchezea watoto. Usiku ule wodini, wewe umelala na mkono umefungwa, nikalitafuta kwenye simu. Kumbe ni mtu! Helmuth Duckadam, kipa wa Steaua ya Bucharest, mzaliwa wa kijiji cha Semlac, magharibi mwa Romania. Nilimsoma mpaka alfajiri.

Tarehe 7 Mei 1986 Steaua walicheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya na Barcelona, mjini Sevilla. Yaani ugenini kabisa, karibu uwanja mzima unawaimbia wenzao. Steaua ilikuwa timu ya jeshi, wachezaji wake wote wa nyumbani, maana enzi za Ceaușescu, dikteta aliyeitawala nchi hiyo, Mromania hakuwa na ruhusa ya kujiendea kucheza nje. Hakuna klabu ya Ulaya Mashariki iliyokuwa imewahi kulibeba kombe lile. Dakika 120 zikaisha bila bao.

Zikaja penalti. Nimeziangalia mara nyingi kuliko nilivyoangalia mpira wowote maishani mwangu, isipokuwa mechi zako. Majearu wa Steaua akaanza, akakosa. Alexanko wa Barcelona akapiga, Duckadam akaruka kulia kwake, akaipangua. Bölöni wa Steaua naye akakosa. Pedraza akaja, Duckadam kulia tena, ameipata. Hapo Lăcătuș akafunga kwa shuti la nguvu. Pichi Alonso: kulia kwa mara ya tatu, na mpira ukamkuta palepale. Balint akafunga la pili. Akabaki Marcos, na safari hii Duckadam akaenda kushoto. Minne mfululizo, baba! Hakuna hata mmoja uliompita.

Mwenyewe alieleza baadaye kwamba haikuwa bahati. Baada ya ule wa kwanza alijiuliza mpigaji anayefuata atakuwa anamfikiriaje yeye, kwamba bila shaka kipa sasa atabadili upande. Basi akabaki kulekule. Nilipofika hapo nilikukumbuka wewe kwenye nusu fainali ya shule, mvua inanyesha, ukisimama bila kutikisika hadi yule kijana akainua mguu. Nilikuuliza ulijuaje, ukasema, "Mama, nilimsoma." Sikukuelewa siku ile.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nisite kukuandikia.

Majira ya joto ya mwaka uleule, hata miezi haijapita mingi, mshipa wa damu wa mkono wake wa kulia ulipata hitilafu, damu ikaganda, ikabidi apasuliwe. Mkono wa kulia, ule wa upande aliorukia mara tatu. Alikuwa na miaka 27. Desemba wenzake walikwenda Tokyo kucheza na River Plate ya Argentina, Februari 1987 wakawafunga Dynamo Kyiv kule Monaco kwa bao la kijana mpya aitwaye Hagi na kutwaa Super Cup ya Ulaya. Yeye hakuwa langoni. Uvumi ulizagaa kwamba watu wa ukoo wa Ceaușescu ndio waliomvunja mikono kwa wivu, akaukana miaka nenda rudi: ulikuwa ugonjwa tu. Naona hata hilo lilikuwa mzigo. Watu walitaka pawe na mtu wa kulaumiwa, kama mimi nilivyomlaumu kocha wako wiki nzima, wakati hakuwa na kosa.

Alirudi uwanjani mwaka 1989, akacheza Vagonul Arad, timu ya daraja la chini. Fainali kubwa hakuiona tena. Baadaye akafanya kazi ya polisi wa mpakani huko kwao. Alifariki tarehe 2 Desemba 2024, akiwa na miaka 65, na hadi siku hiyo Waromania walikuwa wakimwita Shujaa wa Sevilla.

Sikusimulii haya ili nikuambie utarudi langoni. Daktari alitueleza sote wawili, na ulimsikia vizuri kuliko mimi. Lia, kasirika, nyamaza ukitaka. Mimi ni mama yako, sitakuhimiza ufurahi. Ninalolikataa ni lile ulilosema mwisho wa simu, kwamba miaka yote ile ilikuwa ya bure. Hapana, baba. Penalti ile ya kwenye mvua uliidaka. Nilikuwepo, nimelowa mpaka mifupani, nikaona mpira umekaa kifuani mwako. Mkono kuumia mwezi wa tatu hakuwezi kuutoa mpira ule kifuani mwako ukaingia wavuni.

Glovu nimezifua, zimeanikwa kambani upande wa kivulini ili zisikakamae. Siku utakaponiambia tena ana kwa ana kwamba nizitoe, nitazitoa kwa mtoto utakayemchagua wewe mwenyewe. Kwa sasa ziko hapa.

Jumapili nakuja kukutembelea. Nitaleta maandazi, yale mafuta ya kukanda mkono, na simu iliyojaa chaji. Nataka tukae chini ya ule mwembe tuuangalie pamoja mkwaju wa Marcos, kisha unieleze wewe uliye kipa: alijuaje kwamba ule wa nne unakwenda kushoto?

Mama yako