Msokoto wa mtutu hupimwa kwa urefu wa risasi

Ndugu Mhariri,

Ushauri unaozagaa kwa wenye raifo ni kwamba risasi nzito inataka msokoto mkali, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi mzunguko mzima kwa umbali mfupi, nyepesi inataka msokoto mpole. Mara nyingi huangukia kweli, lakini kwa bahati tu: risasi nzito ya kipenyo kilekile huwa ndefu, na urefu ndio wenye neno.

Kichwa cha risasi husimama hewani kama pia inayozunguka. Kikizungushwa kidogo kuliko urefu wake unavyodai, hupepesuka na kutua ubavu. Kwenye karatasi ya shabaha utaona tundu la mviringo mrefu, kama tundu la ufunguo. Ukiona hata moja la namna hiyo, usihangaike na darubini, badilisha risasi.

Mwaka 1879 Mwingereza Alfred Greenhill alitoa kanuni inayotosha mpaka leo kwa makadirio: 150 mara kipenyo mara kipenyo, gawa kwa urefu wa kichwa, vyote kwa inchi. Kichwa cha kipenyo 0.308 chenye urefu wa inchi 1.2 kinahitaji mzunguko mmoja kila inchi 12 hivi. Kikiwa na inchi 1.4, unahitaji 10. Mwendo ukizidi futi 2,800 kwa sekunde, wengi huweka 180 badala ya 150.

Hapo ndipo vichwa vya shaba tupu vinapowakwaza watu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi (lead), kwa hiyo greni 165 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa) za shaba hutoka ndefu kuliko greni 165 za vichwa vya zamani vya madini ya risasi. Uzito uleule kwenye boksi, mahitaji tofauti. California ilipopiga marufuku vichwa vya madini ya risasi kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, wenye mitutu ya msokoto mpole walilazimika kushuka uzito.

Kosa la kuchagua msokoto mpole mno liliwahi kuua biashara. Mwaka 1955 kampuni ya bunduki ya Remington walitoa risasi ya .244 na raifo yake yenye msokoto wa 1 kwa 12 (mzunguko mmoja kila inchi 12), wapinzani wao Winchester wakatoa .243 ya 1 kwa 10. Ya pili ilimudu greni 100 za kuwindia swala wa kwao. Ya kwanza iliishia 90. Mwaka 1963 Remington walilirudisha ganda lilelile la risasi kwa jina la 6mm Remington, msokoto 1 kwa 9. Wateja walikwishahama.

Kupima mtutu wako: toa risasi zote, chomoa bolti. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, weka alama juu ya fimbo, sukuma taratibu mpaka alama irudi juu. Umbali iliosogea ndio msokoto. Rudia mara tatu, maana kitambaa kikilegea huteleza na kukupa namba ya uongo.

Msokoto mkali nao una gharama. Kwa futi 3,200, mtutu wa 1 kwa 7 huzungusha kichwa mara 329,000 kwa dakika. Ngozi nyembamba ya chuma inayofunika kichwa chepesi inaweza kupasuka njiani.

Na mwenye kulenga Arusha, ambako hewa ni nyepesi, asishangae risasi iliyokuwa sawa huko ikianza kuyumba Tanga, pwani, ambako hewa ni nzito.

Wako,
Mlenga shabaha, Arusha