Muulizeni akiwa peke yake

Mhariri,

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili huku Kisauni. Haipiti wiki bila kuletwa mwanamke ambaye mumewe ndiye anayemjibia. Namuuliza, "Mama, usingizi waupata?" Bwana adakia: "Halali huyu, usiku kucha anagaagaa." Mwenyewe kainama, ncha ya mtandio anaizungusha kidoleni. Kwao washasema ana jini, kisomo kishasomwa, sasa wamekuja kutaka vidonge.

Niliwahi kuvitoa hivyo hivyo. Miaka kadhaa nyuma nilimpa mmoja dawa ya kumlaza. Baada ya majuma mawili alirudi peke yake, akanambia kuwa sasa vurugu zikianza usiku hawezi hata kuinuka kumtoa mtoto chumbani. Nami sikuwa nimemuuliza neno.

Siku hizi bwana namtuma masjala na kadi, au namwomba akae kwenye benchi nje tumpime mama. Dakika kumi zatosha. "Nyumbani kuna mtu unayemwogopa?" Wengine hukana, nami simshiki mtu shati. Wapo waliokuja kusema mara ya tatu, ya nne.

Kingine ni kile kitabu cha mgonjwa. Ni daftari tu, mama hurudi nalo nyumbani, na bwana hulisoma. Habari za kipigo ziandikwe kwenye faili inayobaki kwetu, tena kwa kina: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, ni la zamani au bichi. Akiamua kwenda polisi, fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, haitajazwa kwa kubahatisha. Na namba ya msaada, 1195, ambayo ni ya bure, namkaririsha hapo hapo. Simu nazo hukaguliwa.

Kinachoniudhi ni wenzetu wanaosema "vumilia, ndiyo ndoa". Sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu na dhuluma za nyumbani haikuishia kwenye ngumi: imetaja pia kumtesa mtu moyo na kumbana kwa pesa, na mahakama yaweza kumzuia mtesaji asimkaribie. Muuguzi asiyeijua atamwelekeza mama wapi?

Kwa serikali ya kaunti nina ombi moja. Tunapozungumzia haya, kati yetu na lile benchi la nje pana pazia tu. Tupeni chumba chenye mlango.

Muuguzi,
Kisauni, Mombasa