Usiongeze hata hisa moja

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kilichoniuma kuliko hasara yenyewe ni lile jina wanalokuita: mbeba mfuko. Ndivyo wanunuzi wa hisa wanavyomwita aliyebaki na hisa zisizo na thamani wakati wenzake wamekwisha kuuza wakaenda zao. Jina hilo silipendi kabisa. Linamtia mtu haya, na mwenye haya huzishikilia hisa zilizokufa ili tu asionekane ameshindwa.

Unasema utauza bei ikirudi pale uliponunulia. Ndugu yangu, soko halijui wewe ulinunua kwa bei gani. Hisa iliyoanguka kutoka 100 hadi 10 imepoteza asilimia 90, lakini ili irudi 100 sharti ipande mara kumi. Tabia hii si yako peke yako: mwaka 1985 watafiti wa mambo ya fedha Hersh Shefrin na Meir Statman waliandika kwamba watu huharakisha kuuza hisa zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka.

Kinachonikosesha raha ni huo mpango wa kununua nyingine ili wastani wa bei yako ushuke. Utashuka, ndiyo, lakini pesa uliyoiweka hatarini itakuwa imeongezeka. Tena kampuni yenyewe imeshakwenda mahakamani kuomba ufilisi! Ikifika huko, kwa kawaida malipo huenda kwa zamu. Waliokopesha kwa dhamana hutangulia, hufuata gharama za ufilisi na baadhi ya madai ya wafanyakazi na kodi, kisha wenye hatifungani, yaani walioikopesha kampuni kwa hati za deni, na wadai wengine wasio na dhamana. Mwanahisa ni wa mwisho kabisa, na mara nyingi zamu yake ikifika hakuna kilichobaki.

Tazama Bed Bath & Beyond ya Marekani, kampuni ya maduka ya vifaa vya nyumbani. Iliomba ufilisi tarehe 23 Aprili 2023, na bado watu waliendelea kununua hisa zake wakiamini atatokea wa kuiokoa. Tarehe 29 Septemba mwaka huohuo hisa zote zilifutwa, wenye nazo wasipate kitu. Kwa hiyo usiniambie kwamba zako zina thamani kwa kuwa bado zinauzwa. Na wanaokucheka wasikuondolee heshima yako: hisa za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, zilifika dola 90 hivi Agosti 2000, zikawa chini ya dola 1 mwishoni mwa Novemba 2001, na wafanyakazi wengi walikuwa wameweka humo akiba zao za uzeeni. Hao hawakuwa wajinga. Walidanganywa kwa hesabu za uongo.

Tafuta mpango wa ufilisi uliowasilishwa mahakamani, usome sehemu inayohusu wanahisa. Ikisema hisa zitafutwa, uza leo hata kwa bei ya kutupa; uliza pia kama sheria ya kodi inakuruhusu kuihesabu hasara hiyo ili kodi yako ipungue. Ukikwama kwenye lugha ya mawakili, nitumie kurasa hizo tuzisome pamoja, na tafadhali usimpigie dalali kununua nyingine kabla hatujazungumza.

Wako akupendaye.