Laki tisa ya "rangi nyeusi" chini ya gari

Wiki iliyopita dada mmoja kaja hapa gereji kwetu Uyole, Mbeya, na risiti mkononi, kavimba kweli kweli, anasema shemeji yake kamwambia amepigwa, eti laki tisa kwa kupaka rangi nyeusi chini ya Hiace mahali ambapo hata hapaonekani, na pale Mafiati kuna kijana angempaka oil chafu kwa elfu thelathini na soda juu. Hii ya oil chafu mwaka huu nimeisikia mpaka nimechoka. Naandika leo mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii asome.

Kwanza huyu dada haendi Chunya. Anaenda Namibia na familia, Tunduma, Lusaka, Livingstone, Katima Mulilo, halafu anakata mpaka baharini Swakopmund na kupanda kaskazini na ufukwe wa Skeleton Coast. Watu wakisikia jangwa wanawaza joto, wananiuliza habari za rejeta na feni. Rejeta tunacheki, ndiyo. Ila kule kinachokula gari ni chumvi. Bahari ya pale ina mkondo wa baridi, Benguela, na ukungu wake unaingia nchi kavu unalowesha kila kitu, gari linaamka asubuhi linachuruzika maji na mvua wala haijanyesha (jaketi lako la Mbeya la mwezi wa saba libebe, litakufaa). Barabara yenyewe ukishapita Henties Bay sehemu kubwa ni ya chumvi, na simaanishi mfano, wanashindilia jasi na kumwagia maji ya chumvi mpaka inakuwa ngumu kama lami. Ikikauka unateleza nayo raha mustarehe, ikilowa na ukungu inakuwa mlenda, na ule mlenda wote unaorushwa na matairi unaenda kukaa wapi kama sio chini ya gari?

Sasa oil chafu. Naijua, nimeipaka sana mwenyewe nikiwa saidia fundi, kwenye malori ya mbao, na kwa njia za huku inasaidia kidogo sikatai. Tatizo haikauki. Mchanga laini wa kule unanata kwenye oil, chumvi inanata kwenye mchanga, unatengeneza uji mzito unaokaa kwenye chesisi miezi na miezi na unyevu wake ndani. Afu inachuruzikia kwenye bushi, mpira unavimba unakuwa laini kama ubuyu uliotafunwa, unarudi kwangu kununua bushi mpya ukisema barabara mbaya.

Kuna kaka alipakwa oil hivyo hivyo kwingine, akaenda safari mbili za huko Namibia. Aliporudi ya pili gari linang'aa, kaliosha juu tu, chini hajagusa, nikamwambia kaka liache nusu siku tulioshe chini kwa presha, akasema mnapenda hela nyie. Miezi kadhaa mbele anashuka Iwambi kwenda Mbalizi, pedeli ya breki inazama mpaka chini. Gia na hendibreki ndo vilimwokoa, na Mungu. Paipu la breki la nyuma lilikuwa limetoboka palepale linapopita kwenye kishikizo chake, sehemu ndogo kama kucha, chumvi ilijificha hapo. Tulipoinua gari nikagusa chesisi nyuma ya hanga ya springi na bisibisi, sikupiga, nimegusa tu, ikazama kama kwenye ugali wa moto. Bili ya kuchomelea na mapaipu na breki ilipita milioni mbili na gari likalala hapa wiki tatu, na huyo huyo ndiye anayesema gereji yetu ni ghali.

Wote wakirudi kule wananionyesha picha wamesimama mbele ya ile meli ya uvuvi Zeila, iliyokwama 2008 karibu na Henties Bay. Huwa nawaambia hebu ivute hiyo picha uone chuma kilivyoliwa. Hewa hiyo hiyo ndo gari lako limelala nayo.

Laki tisa inaenda hivi. Siku ya kwanza tunashusha matairi, vilinda matope na spea, tunaosha kwa presha na kuacha likauke, na Uyole hapa kipindi cha mvua kukauka peke yake ni siku nzima, ukipaka juu ya unyevu umefungia kutu ndani. Halafu brashi ya waya, mkono kwa mkono, kila kiungio. Praima, rangi ya chini, na nta ambayo tunaipuliza NDANI ya chesisi kwa kimrija chenye tundu pembeni, maana chesisi ni boksi na inaoza kuanzia ndani. Na vile vitobo vya kutolea maji chini ya milango na kwenye chesisi tunaviziba kwa vijiti kabla ya kupaka, tukimaliza tunavitoa. Wale wa haraka wanapaka juu yake vinaziba, mlango unabaki dumu la maji. Picha za kila hatua unatumiwa WhatsApp, kwa hiyo, hiyo "haionekani" sijui inatoka wapi.

Matairi nayo nisiache. Usiniletee mtumba eti meno bado marefu, soma namba nne pembeni, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014, hilo ni zee linasubiri changarawe tu lipasuke. Na upepo wa hamsini wa kupandia Mlima Nyoka huko hautaki, ukiingia changarawe punguza. Beba spea mbili, kwa sababu pale Ugab, geti la kuingilia hifadhi ya Skeleton Coast, ukiwa wa kupita tu lazima uingie kabla ya saa tisa alasiri, kuna familia walipata pancha mbili spea moja, wakafika geti limeshafungwa kwao, wakageuza kurudi Henties Bay usiku na watoto wamelala kwenye viti. Mafuta jaza Henties Bay mpaka shingoni, tena kwenye tenki, madumu sita juu ya keria ndo yanayopasua keria.

Dada wa laki tisa, gari lako liko juu ya jeki, nta tunapuliza kesho asubuhi. Njoo na shemeji, mwambie avae nguo za kuchafuka, nitampa tochi alale chini aangalie mwenyewe.